Nafasi Ndani ya Fuvu: Umbo la Ubongo na Makuzi ya Mtoto wa Pwani

Ubongo wa mwanadamu huzungumzwa mara nyingi kama makao ya akili, kumbukumbu na tabia, na ni mara chache unapotajwa kama kiungo chenye uzito, mikunjo, vyumba na mirija, ambacho kama viungo vingine vyote hutii kanuni za maji, shinikizo na nafasi. Hata hivyo, kwa mtoto anayezaliwa Horohoro, Duga au Moa katika wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, kanuni hizo zina uzito mkubwa: ndizo zinazochangia kuamua kama malaria kali itamuua au itamwacha hai, kama maambukizi ya siku zake za kwanza yatampokonya uwezo wa kutembea na kuona, na kama atakapofika darasani ataelewa masomo sawa na wenzake. Sehemu kubwa ya maarifa yanayohusu mambo hayo imetokana na wodi za watoto za Afrika Mashariki na jirani zake, zikiwamo za Muheza, kusini mwa Horohoro, na za Kilifi, Kenya, ng'ambo ya mpaka.

Ubongo huanza kama utepe bapa wa seli mgongoni mwa kiinitete. Kingo za utepe huo huinuka, hukunjamana na kukutana hadi kuwa mrija, unaoitwa mrija wa neva, ambao hufungika kabisa ifikapo siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi bado hawajatambua kuwa ni wajawazito. Ncha ya juu ya mrija hutanuka ikawa ubongo, sehemu iliyobaki huwa ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, na uwazi wa katikati haupotei, bali hubaki maisha yote ukiwa vyumba vinne vyenye maji ndani ya ubongo. Mrija ukishindwa kufungika upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na ingawa jeraha lenyewe liko kiunoni, madhara yake hupanda hadi kichwani: kwa wengi wa watoto hao sehemu ya nyuma ya ubongo huteremka na kukaba tundu lililo chini ya fuvu, njia ya maji ya ubongo huzibika, na kichwa huanza kukua kupita kiasi. Ndiyo maana wazazi wa Tanzania waliojiunga katika chama cha ASBAHT wanashughulikia mgongo wazi na vichwa vikubwa kwa pamoja.

Kinga ya mgongo wazi inajulikana. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo, wakimeza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine na katika majuma ya mwanzo, hatari ya kasoro kujirudia hupungua kwa asilimia 72. Tanzania nayo iliweka mwaka 2011 kanuni za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Lakini mahindi ya familia nyingi za vijijini hayapiti kiwandani. Hutoka shambani kwenda mashine ya kijiji na kurudi jikoni, na hakuna kirutubishi kinachoongezwa njiani. Kidonge cha kliniki kwa upande wake hutolewa mama anapohudhuria kwa mara ya kwanza, mrija ukiwa umekwisha kufungika au kushindwa kufungika zamani. Kidonge hicho kinafaa kwa damu ya mama, na hakuna sababu ya kukidharau, ila kwa kusudi la mgongo wazi kinachelewa, na haieleweki kwa nini wasichana na wanawake wanaotarajia kuzaa wasifikiwe mapema zaidi.

Mrija ukishafungika, hatua inayofuata ni mikunjo. Tabaka la juu la ubongo, linaloitwa gamba la ubongo, lina unene wa milimita mbili hadi nne tu, lakini ndilo linalobeba lugha, hesabu, mipango na utambuzi, na kwa mtu mzima eneo lake likitandazwa hufikia sentimita za mraba 2,000 hivi, ambazo haziwezi kuenea ndani ya fuvu bila kukunjwa. Ubongo wa mimba ya majuma 22 bado ni laini karibu kila mahali, ilhali ubongo wa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake umejaa matuta na mabonde. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kila kunjo lazima liwe limeamriwa moja kwa moja na jeni. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililomjumuisha Lakshminarayanan Mahadevan wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na nguvu za kimaumbile: walitengeneza mfano wa jeli wenye umbo la ubongo wa mimba changa, wakaupaka tabaka jingine la jeli kwa juu, wakauzamisha katika kimiminika kilichofanya tabaka la juu livimbe kuliko la ndani, na jeli hiyo laini ikajikunja yenyewe, matuta na mabonde yake yakafanana kwa kushangaza na yale ya ubongo halisi. Kwa maneno mengine, jeni huamua kasi ya ukuaji wa tabaka na umbo la mwanzo, na yanayofuata hutokana na gamba linalokua haraka likiwa limeshikamana na kiini kinachokua polepole.

Hoja hiyo imepelekwa mbali zaidi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ambao mwaka 2023 walichambua zaidi ya ramani 10,000 za utendaji wa ubongo zilizopigwa kwa mashine ya sumaku, wakadai kwamba umbo la gamba lenyewe linaeleza mpangilio wa utendaji huo vizuri kuliko mtandao wa nyuzi unaounganisha sehemu za mbali. Si wanasayansi wote waliolikubali dai hilo, na mjadala bado unaendelea, kwa kuwa nyuzi nazo haziwezi kupuuzwa. Nyuzi hizo huvikwa hatua kwa hatua ala ya mafuta iitwayo mayelini, inayofanya kazi kama ganda la mpira juu ya waya wa umeme, na uzi uliovikwa waweza kupitisha ujumbe kwa mita 100 au zaidi kwa sekunde, wakati ule mwembamba usio na ala hauzidi mita moja au mbili. Uvikaji huanza kabla ya kuzaliwa katika shina la ubongo, linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo, na hufika mwisho katika sehemu ya mbele, ya maamuzi na kujizuia, mtu akiwa na zaidi ya miaka 20.

Kasi ya ukuaji baada ya kuzaliwa ni kubwa mno. Ubongo wa mtoto mchanga una uzito wa gramu 350 hadi 400 hivi, na afikapo miaka miwili umekwisha kufikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Fuvu linauruhusu ukuaji huo kwa sababu mifupa yake bado haijaungana, na mahali inapokutana juu ya kichwa kuna utosi, pengo laini lililofunikwa na utando, ambalo kwa kawaida hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Kina mama na bibi wa pwani wanaujua utosi vizuri, na wanaupima kwa kiganja: ukididimia mtoto amepungukiwa maji kwa kuhara au kutapika, na ukivimba na kukaza wakati mtoto ametulia, halii wala hajalala chali, ndani kuna shinikizo. Ni kipimo cha kweli, kinachofundishwa pia katika vyuo vya tiba.

Utosi ukishafunga, mambo hubadilika. Madaktari wawili wa Scotland, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824, walieleza kanuni ambayo hadi leo inaongoza matibabu ya kichwa: fuvu lililofunga lina ujazo usiobadilika, na ndani yake mna vitu vitatu tu, yaani ubongo, damu na maji ya ubongo, kwa hiyo kimoja kikiongezeka lazima kingine kipungue, na kisipopata pa kupungulia, shinikizo hupanda. Tundu kubwa pekee liko chini, pale ubongo unapoungana na ugwe mgongo, na ubongo unaosukumwa kutoka juu huelekea huko, shina lake likabanwa na pumzi ikasimama. Sentensi hizi chache zinaeleza vifo vingi vya watoto ambavyo bila hizo huonekana kama mafumbo.

Maji ya ubongo ndiyo ya kuanzia. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita kwa siku, ingawa yaliyomo kwa wakati mmoja hayazidi mililita 150 hivi, maana yake maji hayo hubadilishwa yote mara tatu hivi kila siku: hutoka katika mafungu ya mishipa midogo yaliyo ndani ya vile vyumba vinne, hupita katika mfereji mwembamba sana ulio kati ya chumba cha tatu na cha nne, huzunguka nje ya ubongo na hatimaye hufyonzwa kurudi kwenye damu. Mfereji huo ukiziba, maji hujikusanya nyuma yake na vyumba hutanuka. Kwa mtoto ambaye utosi haujafunga, kichwa chenyewe hukua, ngozi yake ikanyooka na mishipa ikajitokeza, na macho yakaelekea chini. Gamba la ubongo husukumwa kwenye mfupa likawa jembamba, na nyuzi zinazopita kando ya vyumba, zikiwamo zile za miguu, hunyooshwa na kuharibika.

Mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari mpasuaji Mmarekani Benjamin Warf alichunguza watoto 300 wenye vichwa vikubwa na mwaka 2005 akaripoti kwamba kwa takriban asilimia 60 chanzo kilikuwa maambukizi, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha, tofauti na nchi tajiri ambako sababu kuu ni nyingine. Mwaka 2020 watafiti walioendelea na kazi hiyo wakiongozwa na Joseph Paulson na Steven Schiff walitaja bakteria wa jamii ya Paenibacillus katika maji ya ubongo ya watoto hao wa Uganda. Ugonjwa unaonekana kichwani kama suala la mirija, kumbe mara nyingi mlango wake ulikuwa homa ya mtoto mchanga iliyodhaniwa imepita.

Tiba ya miaka mingi ni kuweka mrija wa plastiki unaotoa maji chumbani mwa ubongo na kuyapeleka tumboni, ambako hufyonzwa. Mrija huokoa maisha, lakini huziba na huingiwa na vijidudu, na ukiziba mtoto anahitaji mpasuaji ndani ya saa chache. Horohoro iko kilomita 65 hivi kutoka jiji la Tanga, ambako kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, yaliko makao ya taasisi ya MOI ya upasuaji wa mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu, ni kilomita 350 hivi nyingine. Mzazi anayeondoka na mtoto anayetapika na kusinzia hana hakika ya kufika kwa wakati. Warf aliliona tatizo hilo kwa familia za Uganda, akaunganisha njia mbili zisizoacha plastiki mwilini: kupitisha kamera nyembamba hadi sakafu ya chumba cha tatu, kutoboa hapo tundu ili maji yaupite mfereji ulioziba, kisha kuchoma sehemu ya yale mafungu yanayotengeneza maji. Jaribio lililofanyika Mbale kwa watoto wachanga 100, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, halikuona tofauti ya maana katika makuzi ya akili kati ya njia hiyo na mrija baada ya mwaka mmoja, jambo linaloipa njia isiyo na mrija sifa ya kutosha kwa watu wanaoishi mbali na hospitali kubwa.

Kutoka Mbale hiyohiyo kulikuja pia somo ambalo haliko wazi kwa macho. Kupungua kwa maji kichwani si lazima kulingane na kukua kwa akili; kinachoelekea kulingana nayo zaidi ni kiasi cha ubongo wenyewe kinachoongezeka baada ya upasuaji, na ubongo hauongezeki bila chakula na bila kupona maambukizi. Kichwa kilichonywea baada ya upasuaji, kwa hiyo, hakitoshi kuwafariji wazazi, na kwa upande mwingine kichwa kilichobaki kikubwa si ushahidi kwamba mtoto hatajifunza. Utepe wa kupimia mzunguko wa kichwa, ambao gharama yake ni ndogo mno, unastahili kutumika katika kila zahanati ya Mkinga kwa bidii ileile inayotumika kwa mzani, kwa sababu kichwa kinachoruka mistari ya kadi ya ukuaji katika mwezi wa tatu kinaweza kutibiwa kabla gamba halijawa jembamba.

Malaria huingia kwa njia nyingine ya umbo. Kapilari za ubongo, mishipa midogo kuliko yote, ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu ya damu yenye upana wa mikroni saba hadi nane, yaani sehemu saba hadi nane za elfu za milimita, hupita katika baadhi yake kwa kujikunja. Chembe iliyoingiwa na kimelea cha Plasmodium falciparum hukakamaa, huota vinundu juu yake na hunata kwenye kuta za kapilari. Zikinata nyingi, damu husuasua, ukuta wa mshipa huvuja, maji huingia katika ubongo na ubongo huvimba ndani ya fuvu ambalo kwa mtoto wa miaka mitatu limekwisha kufunga. Mtoto wa umri huo ana nafasi ndogo sana ya ziada, tofauti na mtu mwenye umri mkubwa ambaye ubongo wake umepungua kidogo. Degedege, ambalo watu wengi wa pwani wamelihusisha na pepo au ndege wa usiku, mara nyingi ni umeme wa gamba lililo katika dhiki hiyo, ingawa homa peke yake pia yaweza kulileta kwa mtoto mdogo bila madhara ya kudumu.

Huko Kilifi, ambako kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kilianzishwa mwaka 1989, Charles Newton na wenzake walipima shinikizo ndani ya fuvu la watoto waliopoteza fahamu kwa malaria na kukuta limepanda. Swali lililobaki ni kama uvimbe ndio unaoua au ni dalili tu ya kufa. Jibu la wazi zaidi lilitoka Blantyre, Malawi, ambako Terrie Taylor, Karl Seydel na wenzao waliwapiga watoto 168 picha za mashine ya sumaku: waliofariki walikuwa 25, na 21 kati yao, yaani asilimia 84, walikuwa na uvimbe mkali wa ubongo walipolazwa, wakati kwa walionusurika uvimbe huo ulionekana kwa asilimia 27. Matokeo hayo ya mwaka 2015 yalionyesha pia kwamba uvimbe wa wanaopona hushuka haraka, ndani ya siku chache, ishara kwamba ubongo haukuwa umekufa na kwamba kinachotakiwa ni kumvusha mtoto saa hizo za shinikizo akiwa bado anapumua.

Namna ya kumvusha haijapatikana kwa urahisi. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ilijaribiwa Thailand, na ripoti ya mwaka 1982 ikaonyesha kwamba iliongeza muda wa kupoteza fahamu. Manitoli, dawa inayovuta maji kutoka katika ubongo, ilijaribiwa Kampala na haikuleta nafuu. Hospitali Teule ya Muheza ilishiriki katika jaribio la maji ya mshipani yanayotolewa kwa kasi kwa watoto mahututi wenye homa, lililohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania: kwa waliopewa maji hayo vifo vya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 kulingana na aina ya maji, na kwa wasiopewa asilimia 7.3. Wengi walitarajia kwamba uvimbe wa ubongo ungeeleza tofauti hiyo, lakini uchambuzi ulielekeza zaidi kwenye moyo na mzunguko wa damu, na ni vizuri kulisema hilo, maana fuvu halielezi kila kifo. Kilichookoa maisha kwa hakika ni dawa ya kuua kimelea mapema. Hospitali hiyohiyo ya Muheza ilikuwa katika jaribio kubwa la artesuneti lililochapishwa mwaka 2010, lenye watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, ambamo vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukabadilika baada ya hapo.

Mashine ya sumaku haipo katika zahanati, lakini jicho lipo. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchipuka kutoka katika ubongo wa kiinitete na hubaki sehemu yake, yenye mishipa ya aina ileile. Susan Lewallen, daktari wa macho ambaye baadaye alifanya kazi Moshi, alieleza pamoja na wenzake wa Malawi mabadiliko yanayoonekana humo: mabaka meupe, mishipa iliyopauka au kugeuka rangi, na matone ya damu yenye weupe katikati. Uchunguzi wa maiti uliofanyika Blantyre na kuchapishwa mwaka 2004 ulithibitisha thamani yake, kwani kati ya watoto 31 walioaminika kufa kwa malaria ya ubongo, saba walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine, na dalili iliyotenganisha makundi hayo vizuri kuliko zote ilikuwa retina. Kifaa cha kutazamia ndani ya jicho ni cha mkononi, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kukitumia kando ya kitanda.

Baada ya wodi huja miaka ya shule, ambayo haifuatiliwi vya kutosha. Chandy John, Michael Boivin na wenzao waliwafuatilia watoto wa Kampala walionusurika malaria ya ubongo, na baada ya miaka miwili asilimia 26 walikuwa na upungufu katika eneo moja au zaidi la utambuzi, kama umakini au kumbukumbu, dhidi ya asilimia 8 ya watoto wa kulinganishwa nao. Mtoto wa namna hii hana kovu linaloonekana. Anatembea, anacheza mpira ufukweni, na mwalimu asiyejua historia yake humwona mzembe. Paul Bangirana wa Chuo Kikuu cha Makerere alijaribu mazoezi ya kompyuta kwa watoto wa aina hiyo na kupata maendeleo katika baadhi ya vipimo, hasa vya kutambua nafasi na kasi ya kuitikia, ingawa si katika vyote. Kwa shule za Mkinga hatua ya kwanza ni rahisi kuliko kompyuta: karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, inayotaja kwamba mtoto alipoteza fahamu na kwa muda gani, imfikie mwalimu wake, ili anaposhindwa kukumbuka jedwali la kuzidisha awekwe karibu na ubao na arudiwe somo badala ya kuchapwa.